Tairi la baiskeli ya safari: soma nambari ubavuni kabla ya kulipa

Mpwa wangu alianguka Kikambala, kando ya barabara ya Malindi, yapata saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa tumetoka Bamburi baada ya swala ya alfajiri, baiskeli mbili, mikoba imening'inia pande zote za karia, nia yetu tulale Watamu na kesho yake tuingie Malindi. Tairi lake la nyuma lilikuwa jipya, halijamaliza siku tatu tangu linunuliwe. Mtwapa tulisimama kwenye kituo cha petroli kuongeza upepo kwa sababu lilionekana laini. Kilomita chache mbele nikasikia kishindo, nikageuka, nikamwona yuko chini, kichwa kimeelekea barabarani, na matatu inampita huku dereva akipiga honi. Nyuma ya matatu lilikuwa lori la makontena. Alichubuka kiwiko na kiganja, suruali ikapasuka gotini. Alhamdulillahi, ikawa ni hayo tu.

Tulipoligeuza gurudumu hatukuona mwiba wala msumari. Tairi lilikuwa limechomoka lenyewe kwenye rimu, tyubu ikatokeza nje kama puto na kupasuka. Nikakumbuka maneno yake siku aliyolifunga. Aliniita nyumbani akiwa na furaha: "Mjomba, hili limeingia lenyewe kama kanzu, hata kijiko sikutumia." Mimi nami nikacheka. Pale pale ningepaswa kumwambia alitoe.

Tangu siku ile nimeulizwa na vijana wengi, hasa hawa wanaoanza kupanda baiskeli kwenda Lamu, Lunga Lunga na hata kuvuka mpaka kwenda Tanga, tairi gani linunuliwe na lifungwe vipi. Hapa nayaandika yote mahali pamoja, nisiwe narudia barazani kila jioni.

Kosa lilianzia dukani

Mpwa wangu ana baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya. Alikwenda dukani akaomba tairi la "ishirini na nane", na muuzaji akampa la ishirini na nane. Hakuna aliyedanganya. Tatizo ni kwamba "28" katika baiskeli si kipimo kimoja. Black Mamba yetu, ile ya kubebea mitungi ya maji na magunia ya mkaa, hutumia tairi la 28 × 1½. Baiskeli za safari za Ulaya hutumia tairi ambalo wakati mwingine huandikwa 28 × 1⅝ × 1⅜, wakati mwingine 700C. Yote mawili huitwa ishirini na nane, na moja haliingii mahali pa jingine. Kwenye 26 mambo ni mabaya zaidi: iko 26 ya baiskeli za milimani, iko 26 × 1⅜ ya baiskeli za mjini tunazoletewa kutoka Japani, na rimu zake zimepishana kwa zaidi ya sentimita tatu.

Dawa yake ni nambari nyingine iliyobonyezwa kwenye ubavu wa tairi, ambayo wauzaji wetu wengi hawaisomi. Imeandikwa kwa milimita, mbili zikiwa zimetenganishwa na kistari, mfano 37-622. Ya kwanza ni unene wa tairi likiwa limejaa upepo. Ya pili ni kipenyo cha pale ukingo wa tairi unapokaa juu ya rimu, na hiyo ndiyo inayoamua kama tairi ni lako au si lako. Tairi la Black Mamba ni 635. La 700C ni 622, na baiskeli zinazoitwa "29" nazo ni 622 hiyo hiyo, ila tairi ni nene zaidi. Baiskeli ya kawaida ya milimani ya 26 ni 559. Ile ya Kijapani ya 26 × 1⅜ ni 590. Ziko pia baiskeli za zamani za Kiingereza za 27 × 1¼, hizo ni 630, na hizi za kisasa zinazoitwa 27.5 ni 584.

Sasa hesabu ya mpwa wangu: rimu ni 622, tairi ni 635. Tofauti ni milimita 13. Ndiyo maana liliingia kama kanzu, na ndiyo maana upepo ulipokuwa mdogo lilishikilia, ila lilipojazwa vizuri likaponyoka. Tairi la kipimo sahihi hubisha kidogo mwishoni. Likiingia bila ubishi wowote, simama, soma nambari upya.

Ikiwa maandishi ya tairi la zamani yamefutika, angalia rimu yenyewe; rimu nyingi zimeandikwa nambari hiyo ya mwisho karibu na tundu la valvu au kwenye stika. Ikikosekana huko pia, chukua gurudumu lako, nenda nalo dukani, ujaribu hapo hapo. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike.

Unene, meno na ngozi ya ndani

Ukishapata kipenyo, una uhuru wa kuchagua unene, lakini uhuru huo una mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni fremu: kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na madigadi, ibaki nafasi ya kutosha kidole chembamba, kwa sababu matope na kokoto zitapita hapo. Mpaka wa pili ni rimu. Tairi likiwa jembamba kuliko rimu, vishimo vitaiharibu rimu. Likiwa nene mno juu ya rimu nyembamba, gurudumu litayumba kwenye kona. Kadirio linalofaa ni tairi lenye unene wa mara moja na nusu hadi mara mbili na kidogo ya upana wa ndani wa rimu. Rimu ya milimita 19 hubeba tairi la 32, la 37, hata la 42 bila matatizo.

Kwa nani unene gani? Anayekwenda Malindi kwa lami na mkoba mmoja, 32 inatosha. Mimi hutumia 37 mbele na nyuma, nazo zimenivusha lami mbovu na barabara za changarawe za Ganze. Lakini anayetaka kuingia njia za mchanga za msitu wa Arabuko-Sokoke, au anayebeba hema, sufuria na maji ya siku nzima, atafute 42 hadi 50 ikiwa fremu inaruhusu. Mchangani tairi jembamba huzama kama kisu, na wewe unashuka kusukuma.

Kuhusu meno, naona vijana wengi wanapenda tairi lenye meno makubwa kwa sababu linaonekana lina nguvu. Kwenye lami meno hayo hayana kazi. Yanalia, yanakula nguvu zako, na yanaisha upesi. Mtu huuliza, je, mvua? Gari huelea juu ya maji kwa sababu tairi lake ni pana na mwendo ni mkali. Baiskeli kwa mwendo wetu haifiki huko. Tairi lenye mistari midogo tu katikati na vimeno vidogo pembeni linatosha kwa safari ya lami yenye vipande vya changarawe.

Kitu cha kulipia zaidi ni ngozi ya kinga iliyofichwa kati ya mpira wa juu na nyuzi. Matairi ya safari yenye sifa, kama Schwalbe Marathon ya Wajerumani, yana ukanda huo, na katika aina ya Marathon Plus ukanda ni mnene kiasi kwamba mwiba wa kawaida haufiki kwenye tyubu. Utayalipia kwa bei na kwa uzito. Kwa barabara zetu nasema ulipe. Ukielekea Garsen utakutana na mathenge, na mwiba wa mathenge mkavu hupenya tairi la bei rahisi kama sindano kwenye leso. Na hata kabla ya miiba, iko adui mdogo ambaye watu hawamjui: waya mwembamba kama unywele unaotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Pembezoni mwa barabara kuu, pale hasa tunapolazimishwa kupita sisi wa baiskeli, waya hizo zimejaa.

Matairi yasiyo na tyubu, yanayowekwa maji ya kuziba ndani, yapo na wenye mashindano wanayasifu. Kwa joto letu maji yale hukauka mapema na kujazwa upya si kazi ya kila fundi njiani. Nimeyaacha.

Neno moja zaidi kabla ya kulipa: usichukue tairi lililotundikwa nje ya duka. Jua na hewa ya chumvi hula mpira hata kabla haujakanyaga barabara. Omba la ndani, likunje ubavu kwa dole gumba, utazame kama kuna nyufa ndogo ndogo. Ukiziona, hilo limezeeka likiwa jipya.

Tyubu na valvu

Tyubu nayo ina kipimo chake, ila yenyewe inavutika, hivyo huandikwa kwa mapana, mfano 622 kwa unene wa 28 hadi 37. Iingie ndani ya mipaka hiyo. Tyubu ndogo mno ikivutwa sana hukonda na kupoteza upepo. Kubwa mno hujikunja ndani na mkunjo ule hukatika.

Valvu ziko aina tatu. Ya kizamani ya Black Mamba, yenye kijimpira ndani. Ya gari, nene, ambayo utaijaza kituo chochote cha petroli. Na ile nyembamba yenye kinati kidogo kichwani ambacho lazima ukilegeze kwanza ndipo upepo uingie. Hii nyembamba huhitaji tundu la rimu la milimita 6.5, na ya gari huhitaji 8.5. Ukiweka nyembamba kwenye tundu kubwa, itacheza na kukatika shinani. Mimi kwa safari napendelea ya gari, sababu pampu yake iko kila mji. Mwenye nyembamba anunue adapta yake, kidude kidogo cha shaba, aibebe mbili kwa sababu moja itapotea.

Kufunga

Kazi hii si ya nguvu. Mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, hufunga tairi kwa muda mfupi kuliko kijana wa mazoezi, kwa kuwa anajua siri moja nitakayoieleza hivi punde.

Ukitoa gurudumu la nyuma, kwanza peleka mnyororo kwenye jino dogo kabisa la giya, fungua breki, kisha legeza nati. Toa upepo wote. Bonyeza ukingo wa tairi pande zote mbili, mzunguko mzima, ulegee kwenye rimu. Anza kulitoa upande wa mbali na valvu, kwa vijiko vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Bisibisi iache kwenye sanduku. Inatoboa tyubu na kukwaruza rimu.

Rimu ikiwa tupu, usikimbilie kufunga. Pitisha kitambaa ndani ya mzunguko wote. Angalia ukanda unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa umesogea au umekatika, badilisha, maana tyubu itakandamizwa kwenye tundu la spoki na utapata pancha upande wa ndani bila kujua inatoka wapi. Kwa waliokaa karibu na bahari, rimu za chuma hushika kutu na kuwa kama msasa. Piga msasa wa kweli, ufute, kisha weka ukanda mpya. Rimu za alumini hazishiki kutu vile, lakini breki huzila. Weka rula ubavuni. Ukiona mwanga kati ya rula na rimu kwa sababu imebonyea, rimu hiyo imefika mwisho na tairi jipya halitaiokoa.

Tazama mshale ubavuni mwa tairi, unaonyesha upande wa kuzunguka. Ingiza upande mmoja wa tairi mzima. Jina la tairi likae mkabala na valvu. Si urembo: siku utakapopata pancha, utapima tundu la tyubu liko umbali gani toka valvu, na utajua waya uko wapi kwenye tairi.

Jaza tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo. Wazee hupaka poda ya watoto ili isigande na tairi kwenye joto, nami naifuata desturi hiyo. Ingiza valvu, kisha sukuma tyubu yote ndani. Halafu funga upande wa pili ukianzia mbali na valvu, mkono wa kushoto na wa kulia zikienda pande mbili, ukamalizie penye valvu.

Hapa ndipo ilipo siri ya mzee. Katikati ya rimu kuna bonde. Ukingo wa tairi ukikaa juu ya mabega ya rimu, mzunguko umekazana. Ukiusukuma ushuke bondeni, unapata nafasi ya ziada. Kwa hiyo unapofika kipande cha mwisho na tairi linabisha, usivute kwa nguvu hapo. Rudi upande wa mbali, finya tairi kwa viganja ukingo ushuke bondeni, endelea kufinya ukija mpaka kwenye valvu, na kipande cha mwisho kitapanda kwa kiganja. Penye valvu pana shina nene la mpira ambalo huzuia ukingo kushuka, ndiyo maana tunamalizia hapo wala hatuanzii hapo. Likizidi kubisha, paka maji ya sabuni. Kijiko kitumie ukishindwa kabisa, kwa sababu hapa ndipo tyubu mpya nyingi hutobolewa na mikono ya mwenyewe.

Sukuma valvu ndani kidogo kisha ivute nje. Zunguka gurudumu zima ukifungua ukingo kwa dole gumba, kila upande, uhakikishe tyubu haikubanwa popote. Jaza nusu. Karibu na rimu, kila tairi lina mstari mwembamba unaolizunguka. Zungusha gurudumu utazame mstari huo: uwe umbali ule ule toka rimu kote. Ukizama sehemu moja na kutokeza nyingine, toa upepo, finyafinya, jaza tena. Tairi la mpwa wangu lilikuwa linapanda na kushuka kama jahazi, na tulisema ni la bei rahisi.

Rudisha gurudumu, kaza nati, funga breki uliyoifungua, uibonye mara mbili kabla ya kupanda. Hii ya breki nimesahau mwenyewe, nikagundua kwenye mteremko.

Upepo kiasi gani

Ubavuni pameandikwa kiwango cha juu, mara nyingi kwa PSI na kwa bar. Bar moja ni kama PSI 14.5. Hicho ni cha juu kabisa, usidhani ndicho cha kujaza. Mtu wa kilo 75 na mizigo ya kilo 20 aanze hivi: tairi la 32, nyuma PSI 70, la 37, nyuma 60, la 50, nyuma 40. Mbele apunguze kama 10, maana uzito mwingi uko nyuma. Akiingia mchangani apunguze zaidi, na akirudi kwenye lami ajaze. Ukipata pancha yenye matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, fahamu ulipita kwenye shimo na upepo mdogo, rimu ikaibana tyubu.

Tafuta pampu yenye geji. Kidole gumba hakipimi. Na kituo cha petroli jaza kwa kugusagusa tu, kwani mashine ile ni ya magari na tyubu ya baiskeli hujaa kufumba na kufumbua.

Ukiwa na tairi jipya moja tu, liweke mbele, na lile la mbele lililo zima lihamishie nyuma. La nyuma huisha haraka, lakini likipasuka bado unaweza kuushika usukani. La mbele likipasuka, mara nyingi huna la kufanya. Badilisha tairi ukiona nyuzi, uvimbe ubavuni, nyufa ndefu, au pancha tatu katika wiki moja bila kuona sababu.

Njiani beba tyubu mbili, vijiko, viraka na gundi isiyokauka, pampu, na kipande cha ubavu wa tairi la zamani kama kiganja. Tairi likichanika, kipande hicho kikiwekwa ndani, kati ya tairi na tyubu, kitakufikisha mji wa mbele. Kikikosekana, pakiti ya maziwa iliyokunjwa imewahi kunitoa Msambweni hadi Ukunda. Na kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Kitambaa kitanasa pale waya ulipo, na kidole chako kitabaki na ngozi yake.

Siku moja kabla ya safari panda na mizigo yote, nenda kilomita tano urudi, utazame ule mstari tena. Mpwa wangu sasa anafanya hivyo. Alipata tairi lake la 37-622 baada ya kuzunguka maduka manne, na lilimtoa jasho kulifunga. Lile la 635 alimpa jirani yetu mchuuzi wa maji. Liko kwenye Black Mamba yake mpaka leo, na linabeba mitungi sita kila safari.